Fishi Mbili, Nafasi Moja ya Doktora

Tangazo lilibandikwa Mushasha, mjini Gitega, kwenye ubao wa shule niliyokuwa nikifundisha, katikati ya ratiba ya misa na orodha ya wanafunzi wasiorudisha vitabu. Chuo kikuu kimoja kikubwa cha Ulaya kilitafuta wasaidizi wawili wa utafiti wa kukaa Muyinga miezi minane, kuhesabu aina za mbegu za maharage wanazotunza wanawake wa vijijini. Chini kabisa waliongeza kwamba mmoja wa hao wawili, atakayefanya kazi bora, angepewa nafasi ya kusoma doktora hukohuko chuoni, miaka minne, kila kitu juu yao. Nilisoma mara tatu. Halafu nikageuka kuona nani mwingine alikuwa anasoma.

Hivyo ndivyo nilivyo. Nimelelewa kushuku kama watoto wengine wanavyolelewa kusalimia. Sisi ni watu wa mtaa wa Waswahili wa Gitega, kama wanavyoitwa Waislamu kwetu. Baba alikuwa fundi cherehani, mama akidarizi kofia. Mama alikuwa msichana nchi ilipopata uhuru, na miaka michache baadaye kaka yake, karani, aliitwa kwa jina lililosomwa kutoka kwenye karatasi. Akaenda na shati lake safi, hakurudi. Tangu hapo mama hakutaka jina la mtu wa nyumbani kwake liandikwe popote. Watu wa sensa walipokuja aliwaambia ana watoto watatu. Tulikuwa sita, na wanne kati yetu tulikuwa tumesimama pale uani tukisikiliza.

Nilipomwonyesha fomu ya kuomba kazi, aliishika kwa ncha za vidole.

"Hiyo watu wanataka nini kwa we?"

"Wanatafuta mutu wa kazi, mama."

"Hapana. Iko inauliza jina ya baba, mahali ulizaliwa, na watu wawili wenye wanakujua. Watu wawili wa nini? Mutu mwenye anakupa kazi na anauliza wenye wanakujua, huyo anatafuta kwenye atakukamata siku utakimbia."

"Iko kawaida yao."

"Na kusoma ya bure. Nani alishakupa kitu ya bure hapa Gitega?" Akanirudishia fomu. "Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu."

Nilijaza fomu ile na kuituma, kwa sababu nilikuwa naitaka ile nafasi mpaka kifua kinauma. Nilikuwa nimefundisha mada zilezile za biolojia miaka tisa. Katika mtaa wetu hakuwahi kutoka mwanamke mwenye doktora, wala mwanamume, na nilikuwa nimechoka kuambiwa na walimu wenzangu kwamba Waswahili kazi yao ni biashara na pilau. Nikaitwa kwenye usaili, nikachukuliwa. Hata hapo nilijiuliza kwa nini wamenichukua mimi.

Mwenzangu niliyepangiwa naye alikuwa Mkongomani wa Kivu ya Kusini. Alikuwa amesomea kilimo Bukavu, vita vikamleta kwetu na mke na mtoto mmoja wa kike, na kwa miaka kadhaa alikuwa akiuza sabuni na betri sokoni Muyinga huku diploma yake imelala ndani ya sanduku. Alikuwa Mkristo wa kuimba. Aliimba akifungua mlango wa ofisi, aliimba akichonga kalamu ya risasi, na kabla ya kula muhogo wa kuchemsha alifumba macho muda mrefu hadi muhogo wangu ukapoa kwa kumngoja. Alinieleza siku ya kwanza kabisa, bila kuulizwa, kwamba naye anaitaka ile nafasi ya doktora.

"Bon, dada, kati ya mi na we, mwenye Mungu atachagua," alisema. "Mwingine atamupigia makofi."

Nani anasema hivyo? Nilimwambia mama kwenye simu, mama akasema mtu anayeimba asubuhi yote anafunika kitu.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja karibu na soko la Muyinga, kwenye barabara ya malori ya Tanzania. Ilikuwa na meza moja, na meza ilikuwa na mtoto mmoja, droo yenye kufuli. Profesa wetu, mama wa Kizungu mpole aliyekuja mara tatu tu katika miezi ile minane, alitupa funguo mbili, mmoja wangu na mmoja wa mwenzangu. Fishi zote zilizojazwa zikae humo, alisema. Fishi zenyewe zilikuwa karatasi zenye visanduku: namba ya nyumba, namba ya kilima, kisha unaweka alama na tarakimu kwa kalamu ya risasi, maana wino na mvua havipatani. Hakukuwa na sentensi hata moja ya kuandika. Ukichukua fishi yangu na yake ukaziweka pamoja, hungejua ipi ya nani.

Mimi nilipewa vilima vya Buhinyuza, yeye akapewa vya upande wa mjini. Miezi miwili ya kwanza nilirudi na fishi za kusikitisha. Kila nyumba ilikuwa na aina nne za maharage, au tano, na kila mwanamke alinionyesha kikapu kilekile mlangoni, akijibu maswali yangu huku akitazama viatu vyangu. Nilifikiri utafiti wenyewe hauna maana. Nikafikiri pia, kama kawaida yangu, kwamba mwenzangu amewaambia wasinionyeshe.

Bibi mmoja mjane ndiye aliyenifumbua macho. Nilikuwa nimefika kwake mara ya nne, na mara zote tatu alikuwa amenipa kinywaji cha mtama nikakataa nikiogopa kina kilevi. Mara ya nne akaleta maharage ya kuchemsha kwenye sahani, akachota kijiko cha kwanza akala yeye mbele yangu, kama inavyofanywa na mwenyeji asiyetaka mgeni awaze sumu. Nikala, nikaimaliza sahani. Akanitazama nikila mpaka mwisho, akasema kwa Kirundi, "Basi njoo, mwana wanje," yaani mwanangu, akaniingiza chumbani. Nyuma ya kitanda palikuwa na vyungu vitatu vilivyofunikwa kwa majani ya migomba. Akavimwaga kwenye mkeka, aina moja moja, zenye madoa, za njano, nyeusi ndogo, nyekundu iliyopauka ambayo alisema ilitoka kwa mama wa mama yake. Zilikuwa aina kumi na saba.

Kile kikapu cha mlangoni, alinieleza, ni cha wageni. Mgeni akikiomba anapewa, akikiiba kimeibwa, akikipeleka serikalini kimepelekwa. Mbegu ya kuishi haikai mlangoni.

Tangu siku hiyo nilijua namna ya kufanya kazi. Nilikwenda bila fishi mara ya kwanza, nikala nilichopewa, nikasaidia kupepeta, nikarudi wiki nyingine. Nyumba kwa nyumba wanawake wa Buhinyuza walinifungulia vyumba vyao. Profesa alipokuja nilimpeleka kwa yule bibi, akapiga magoti kwenye mkeka akahesabu mwenyewe zote kumi na saba, na machozi yakamlengalenga. Jioni ile, mbele ya mwenzangu, alisema hajawahi kuona kazi ya namna hii. Mwenzangu akapiga makofi, kama alivyoahidi.

Siku mbili baadaye akaniuliza, akichonga kalamu yake: "Dada, we unafanyaka nini hadi wale bamama wanakuonesha mbegu ya ndani? Mi wananionesha ile ya mulangoni tu."

Leo najua lilikuwa swali la mtu anayetaka kujifunza. Siku ile nilisikia mwizi anauliza njia. Nikajibu, "Bahati tu, kaka."

Baada ya hapo kila kitu kilikuwa ushahidi. Akitangulia kufika ofisini, alikuwa amefungua mtoto wa meza. Akichelewa, alikuwa ametoka kunakili mahali. Mvua ilinikuta siku moja nikipanda pikipiki mlangoni pa ofisi kwenda Buhinyuza, akanivulia koti lake la plastiki akabaki analowa yeye, nami njia nzima nikawaza anataka nini. Mama mwenye nyumba niliyopanga, mke wa mchuuzi wa chumvi, aliniambia kwa upole kwamba dhana mbaya nayo ni dhambi. Nilimwitikia, halafu nikaanza kumchunguza na yeye.

Hapo ndipo nilipofanya nililolifanya. Nilichukua fishi tupu nikazijaza upya, vilima vyote, nyumba zote, kwa hesabu za uongo. Kwenye kumi na saba nikaweka nne. Kwenye kumi na mbili nikaweka tano. Hizo nikazifungia kwenye mtoto wa meza, zikiwa zimepangwa vizuri ndani ya bahasha yenye jina langu. Fishi za kweli nikazishona ndani ya foronya ya mto wangu. Mpango ulikuwa kuzibadilisha siku profesa atakapokuja kuchukua kazi. Akiiba, nilijisemea, aibe za mlangoni. Nakumbuka nilivyojisikia siku hiyo, na ni vibaya kusema: nilijisikia mwerevu.

Profesa alikuwa aje Muyinga Ijumaa ya mwisho. Jumatatu yake nikapigiwa simu kwamba mama ameanguka na amelazwa hospitali Gitega. Nilichana foronya, nikatia fishi za kweli kwenye mkoba, nikamwachia mama mwenye nyumba habari za mgonjwa, nikapanda basi la kupitia Karuzi. Nililala siku mbili kwenye mkeka kando ya kitanda chake, mkoba chini ya kichwa. Simu iliisha chaji, na muuguzi hakutaka waya kwenye ukuta wake. Jumatano mchana mama alipopata nafuu ya kunigombeza, nilitoka nikaichajisha kibandani. Ikaingia ujumbe baada ya ujumbe, wote wa mwenzangu. Safari ya profesa imewahishwa. Anataka kila kitu kifike Gitega, kwenye nyumba ya mradi pale Mushasha, Jumatano saa sita. Dada, uko wapi? Dada, jibu.

Nilifika Mushasha nikihema. Mwenzangu alikuwa ameketi kwenye benchi nje, suruali imejaa vumbi la njia, na aliponiona uso wake ukachanua.

"Dada, mama iko namna gani?"

"Ana nafuu."

"Mungu asifiwe. Alors, usikuwe na wasiwasi. Ya we nimeshaleta. Nilifungua kwa ufunguo yangu, nikachukua bahasha yote, sikugusa kitu. Nilisema, huyu iko na mugonjwa, asikose nafasi juu ya ile."

Profesa aliniita ndani.

Bahasha yangu ilikuwa wazi mezani. Juu kabisa ilikuwa fishi ya yule bibi wa Buhinyuza. Profesa aliweka kidole kwenye ile nne niliyoiandika, akanitazama kwa masikitiko.

"Nyumba hii tulikwenda pamoja," alisema kwa Kifaransa. "Nilihesabu mwenyewe."

Nilifungua mkoba, nikatoa fishi za kweli, nikaziweka mbele yake. Alizipitia taratibu, akakuta kumi na saba yake, akakuta nyingine. Kisha akatazama mlangoni, kule nje kwenye benchi, akarudi kunitazama, na nikaona kwenye uso wake jambo zima likijipanga lenyewe: huyu wa nje ndiye aliyezibadilisha. Alinishika mkono. Alisema anaelewa kwa nini niliweka nakala zangu pembeni, na kwamba watu wakishindania nafasi moja hufanya mambo ambayo si tabia yao. Uongo aliuivisha yeye mwenyewe, akaniandalia mezani. Mimi kazi yangu ilikuwa kunyamaza.

Nilinyamaza.

Akamwita ndani. Hakumshutumu, watu wa vyuo vikuu hawashutumu, wanauliza. Alimuuliza fishi hizi alizitoa wapi. Mwenzangu akasema kwenye mtoto wa meza, na kwamba hakuifungua bahasha. Akaona sura ya profesa haijabadilika, akanigeukia mimi.

"Dada, si zilikuwa za we? Muambie."

Nikaweka kiganja juu ya fishi za kweli nikasema, "Zangu ni hizi."

Ukilitazama kwa jicho la karani, hilo si uongo. Nimelirudia miaka mingi nikitafuta mahali pa kulishika ili liwe kweli. Alisimama akitazama yale mafungu mawili ya fishi. Kisha akamshukuru profesa, akamwombea mama yangu apone, akaondoka kuwahi basi la kurudi.

Nafasi nilipewa mimi. Yeye alipewa cheti cha kushiriki.

Ya Ulaya siyasimulii sana. Kulikuwa na baridi, na maktaba yenye milango inayofunguka yenyewe ambayo niliishuku mwaka mzima. Niliandika sura ndefu juu ya wanawake wanaoficha mbegu, na nikaandika humo, kwa ukavu wa macho, kwamba mtafiti lazima ajenge uaminifu kwanza. Wakaguzi waliisifu sana sura hiyo. Kwenye ukurasa wa shukrani nililiandika jina la mwenzangu, nikalifuta, nikaliandika tena, na tasnifu ikachapishwa bila jina lake. Mama aliishi mpaka nikarudi. Alinitazama uwanja wa ndege, akauliza kama wamenidai chochote.

Nilirudi Muyinga baada ya miaka mingi, safari hii nikiwa mimi ndiye mwenye mradi na wasaidizi. Nilikuwa nikipita sokoni upande wa vitenge niliposikia mtu anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini. Ningeweza kupita. Miguu ilisimama.

"Dokteri!" aliita, na akacheka kwa furaha ya kweli, nami nilitafuta ndani ya kicheko kile jambo lingine nikakosa. Alikuwa amenenepa kidogo, kichwa kina mvi. Duka lilikuwa lake. Alinivutia kiti, akaagiza chai ya maziwa, akauliza habari za mama, akasikitika kusikia ametangulia. Kisha, akikoroga sukari, aliligusa yeye mwenyewe.

"Unajua ile siku ya Mushasha mi nimeifikiri sana. Miaka, dada. Mwisho nikaelewa. Zile nilibeba zilikuwa za mazoezi, zenye tulijaza tukiwa tunajifunza. Haraka haraka, nikashika bahasha mbaya. Haraka haina baraka, quoi." Akatikisa kichwa. "Ningekuharibia doktora, mi. Juu ya kutaka kusaidia. Nilikuwa naona aibu kukuandikia."

Nilirudisha kikombe mezani bila kunywa.

Hakuona. Alikuwa ameinama chini ya meza, akaja na bahasha kubwa ya kaki, akaifuta vumbi lisilokuwepo kwa mkono, akaiweka upande wangu. Binti yake, yule aliyekuja naye kutoka Kongo akiwa mdogo, alikuwa amemaliza chuo Bujumbura, wa kwanza darasani. Chuo kilekile kikubwa kilikuwa kinatafuta watafiti vijana, na nafasi ya doktora ikiwa ndani. Vyeti vyote vilikuwa humo, na fomu imejazwa. Kilichobaki ni barua ya mtu anayejulikana kule.

"Barua moja tu ya we," alisema. "Wakisikia jina ya we, watamuchukua. Mi simujui mwingine."

Niliuweka mkono juu ya ile bahasha. Ingekuwa rahisi. Ningeiandika barua, binti angekwenda, na ningejiambia deni limelipwa bila mtu kujua lilikuwepo. Lakini alikuwa akinitazama kwa uso uleule wa kwenye benchi, akinisubiri niseme sawa, na sikuweza tena kuutazama.

"Kaka, hukubeba za mazoezi," nikasema. "Ulibeba bahasha yangu. Zile za uongo nilizijaza mimi."

Aliweka kikombe chini. Nikamweleza yote, fishi za mlangoni, foronya, yale aliyoyawaza profesa, kiganja changu mezani. Mteja mmoja alikuja akauliza bei ya kitenge, hakujibiwa, akaenda zake. Nilipomaliza alikaa kimya muda ule aliokuwa akikaa zamani kabla ya kula, ila macho yalikuwa wazi.

"Ulikuwa unaogopa nini?" akauliza.

"Wewe."

"Mi nilikufanyia nini?"

"Hakuna."

Akaitikia kwa kichwa, mara mbili, kama mtu anayepokea maelekezo ya njia. Nikasema barua nitaiandika leo hii, nzuri kuliko zote, na nitampigia profesa mwenyewe nimweleze kila kitu. Nilisema mengi, na nilimaanisha yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Alinitazama usoni, kisha akaitazama mikono yangu, na nikayajua macho yale, maana nimeyavaa maisha yangu yote.

"Asante, dokteri," alisema. Akanyoosha mkono, akaivuta ile bahasha ya mtoto wake kutoka chini ya kiganja changu, akaitia ndani ya koti lake na kufunga vifungo.